Mstari wa Mkaa

Dumu la mafuta ya kula, lita ishirini,
nimelilaza ubavu kama mbuzi wa kuchinjwa,
nikalitoboa matundu sita kwa msumari wa moto.
Moshi ukanuka hadi kwa majirani.
Mama akakohoa ndani: "Unachoma nini, Chande?"
Nikajibu: "Shamba."

Ua wetu ni saruji, ukuta hadi ukuta.
Mwenye nyumba, Bi Somoe, ameandika kwenye mkataba
kwa kalamu nyekundu: hakuna kuchimba.
Sikuchimba.
Nilizunguka Newala na kiroba begani:
ndoo ya rangi kwa fundi Mchopa,
makopo ya maziwa ya unga kwa mama wa mapacha,
chupa za maji nyuma ya ukumbi, harusi ikiwa imekwisha jana.
Ghalani kwa korosho nilipewa chupa ya dawa,
nene, nzuri, na mfuniko wake.
Niliinusa nikaiacha palepale.
Kilichoua wadudu wa mkorosho
hakilei mchicha.

Godoro kuukuu nikalikata vipande,
kila mche na mto wake.
Mbolea kijiko cha chai, nimeipima
kama dawa ya kifua.

Mama akatoka, akasimama juu ya ndoo.
Mama huyu aliteremka bondeni alfajiri
miaka kumi na minne,
akapanda mteremko ule na maji kichwani,
shingo imekaza, hageuki hata akiitwa.
Leo tunanunua: ndoo mia tano,
bomba likikauka, elfu.
"Maji," akasema, "umeyapa majani yalalie?"
Sikuwa na jibu. Nilichukua mkaa,
nikachora mstari ndani ya ndoo, maji yalipofika.
"Tuhesabu."

Wiki ya kwanza hesabu ilinifedhehesha.
Nilikuwa nimejaza hadi mdomoni, kwa mapenzi.
Mizizi ikageuka rangi ya chai, ikanuka,
figiri zikalala kama walevi wa uraka.
Chupa zinazong'aa zikaota ukoga wa kijani,
viluwiluwi vya mbu vikachezea humo.
Mama hakusema kitu.
Kwa Mama, kutosema ni hotuba.

Nikaanza upya.
Chupa nikazivika soksi nyeusi za shule.
Matundu nikayaziba kwa kipande cha chandarua.
Na maji nikayashusha vidole vinne,
pabaki patupu kati yake na mfuniko,
hapo mzizi unapovutia pumzi.
Kumbe na mzizi huzama.
Nikachora mstari mpya.

Jioni moja umeme umekatika.
"Kitendawili," nikamwambia.
"Tega."
"Shamba langu halina udongo."
Akafikiri. "Nakupa mji. Chukua Newala."
"Newala haina maji, siitaki."
Akacheka, mara ya kwanza tangu Machi.
"Basi chukua Lindi na bahari yake."
"Bahari ina chumvi."
"Sasa wewe unataka nini?"
"Nataka ufunue ndoo."

Akafunua, akamulika kwa simu yangu.
Mizizi imening'inia, myeupe, mirefu.
Akaishika kama anavyoshika nywele za mtoto
kabla hajaanza kusuka.
Majani hakuyatazama.
Alitafuta mstari wa mkaa.
Maji yalikuwa yameshuka chini yake
kiganja kimoja.
Akaweka kiganja, akapima,
akapima tena upande wa pili.
"Siku ngapi?"
"Ishirini na mbili."
"Kiganja," akasema. "Mimi kiganja
nilikuwa nakimwaga njiani kwa kujikwaa
hata nusu ya mlima sijafika."
Akarudisha mfuniko polepole,
kama wa chungu cha wageni.

Asubuhi, kwenye ndoo ya pili,
nikakuta mstari wa mkaa, umepinda, si wangu.
Na kando yake dumu jingine,
limesuguliwa kwa mchanga na kuanikwa juani.
Nikaliinamia. La mafuta ya taa.
Bado lanuka.
Hilo halitatufaa,
na sijui nitamwambiaje.